Mzee Fumua Agoma Kufumua

Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho, kitambulisho kipo kwenye droo, na droo imekwama. Kwa hiyo mtaani tunamwita Mzee Fumua na maisha yanaendelea.

Ni fundi wa suti. Jina hilo alilitolea jasho. Ukimpelekea kazi uliyoishona mwenyewe, hata kama umeishona kwa machozi na dua, atavaa miwani, ataipeleka dirishani, ataipindua ndani nje, halafu atakurudishia na neno moja tu: "Fumua." Hakwambii kwa nini. Na ukiuliza kwa nini, umejichimbia kaburi, maana sasa atakuonyesha.

Vijana aliowafundisha kazi wametapakaa kila kona. Wote ni mafundi wazuri, na wote wana vinyongo. Mmoja ana duka la maana ng'ambo ya barabara kuu, ana kiyoyozi, ana kadi za jina, lakini wanasema mtu akikohoa nyuma yake wakati anashona, mkono unakwenda wenyewe kwenye wembe. Wembe ndio chombo cha kufumulia. Unaingiza ncha kati ya uzi na kitambaa, tik, tik, tik, na kazi ya asubuhi nzima inaondoka kama vile hukuamka siku hiyo.

Karakana yake iko mbele, anakolala ni nyuma, na kati yake kuna pazia. Meza ndefu ya kukatia, kioo cha wateja kujipenda, pasi nzito ya umeme, na cherehani mbili zinazotazamana. Moja anaishonea. Nyingine imefunikwa shuka jeupe, na kila anapotia mafuta ile ya kwake, anafunua na ile nyingine anaitia mafuta pia, anazungusha gurudumu kidogo, anafunika. Haijashona kitu tangu mwenyewe afariki.

Mwenyewe ni mkewe. Mtaa ulimwita Mama Vipande.

Hadithi yao kila mtu anaijua kwa sababu mama alikuwa anaisimulia kwa wateja huku mzee akijifanya anapima kitu. Alikuja akiwa msichana, sketi yake inataka kupunguzwa kiuno. Fundi, wakati huo kijana mwenye nywele, akawa anapima kwa adabu zote. Msichana akainama akaokota vipande vya suti chini ya meza.

"Hivi vyote unavitupa?"

"Takataka hizo, dada."

"Basi nipe takataka."

Wiki iliyofuata akarudi kuchukua takataka nyingine. Na iliyofuata. Mpaka wenye macho wakaanza kusema jamani, takataka hazivaliwi hereni. Wakaoana.

Tangu hapo ikawa hivyo: yeye huku anashona suti, mama kule anaunga mabaki ya suti, magauni, mashati na mapazia kuwa mablanketi ya viraka. Mitaa mizima imelalia vipande vya watu wengine kwa kazi yake. Na mama alikuwa binadamu pekee aliyewahi kuambiwa "fumua" akakataa. Mzee alikuwa anachungulia kazi yake, anaona mshono umependa kwenda kulia bila sababu, roho inamuuma.

"Mama, hapo fumua."

"Nifumue nini? Mtu akilala anakagua mishono?"

"Mimi nitaikagua."

"Wewe ulale na macho yako wazi basi. Sisi wengine tutakuwa usingizini."

Na mzee anarudi kwenye suti yake kunyoosha vya kwake.

Blanketi la mwisho mama alimwahidi binti yao. Alilianza pembeni akielekea katikati, kinyume na akili za mafundi wote duniani, kwa hiyo kipande cha mwisho kingekuwa cha katikati kabisa. Ugonjwa ukamkuta njiani. Miguu ikakataa kukanyaga cherehani. Akamalizia kwa mkono, kitandani, vidole vinatetemeka, na hicho kipande cha katikati alikitia siku ambazo hata kikombe alikuwa anashikiwa. Kilikuwa cha bitana, kile kitambaa laini cha ndani ya koti, cha kung'aa, rangi ya damu ya mzee. Kisha akalikunja. Lilikuwa bado uso tu: vipande vimeshaungwa vyote, lakini hakuna pamba ya kujaza wala kitambaa cha chini. Akasema hayo mengine mtu yeyote anaweza. Na hayo mengine hakuyafikia.

Mzee alilipandisha juu ya kabati, ndani ya mfuko, na likakaa huko.

Sasa nikwambie kuhusu ukimya wa nyumba ile, maana bila hivyo hutaelewa alichokifanya. Mzee anaongea na wateja, ndiyo, lakini mteja wa suti unamwambia nini? Nyosha mkono. Pumua kawaida. Kawaida, nimesema, usivute tumbo. Basi. Wakiondoka anabaki na redio yenye stesheni moja na nusu. Nguo za mama zilishagawiwa ndugu, vyombo vimechukuliwa na wakwe, na mablanketi yote yalishauzwa zamani. Kitu pekee kilichobaki ndani ya nyumba ile ambacho mkono wa mama ulikishona ni hicho cha juu ya kabati.

Binti anafanya kazi ya ofisini mji mwingine. Ana mume, watoto, na foleni. Humpigia baba yake akiwa kwenye foleni, na foleni ikifunguka tu, "Baba, gari limesogea, nitakupigia," ndiyo imetoka hiyo. Kwenye kundi la familia mzee anasoma kila kitu. Anajua nani kahitimu na nani kanenepa. Anajibu yote kwa kidole gumba, maana ndicho alichofundishwa, na wa kumfundisha kingine hajapita.

Wiki moja ukaingia ujumbe: "Baba J2 napita kidogo kuchukua blanketi la mama. Kuna fundi huku atalimalizia, atatia pamba na kila kitu."

Akasoma. Akaiweka simu. Akaichukua akasoma tena, labda umebadilika. Kisha akatuma kidole gumba.

Ijumaa asubuhi akaliteremsha. Lilikuwa limejikunja mikunjo ya kukaa juu muda mrefu, na kwa Mzee Fumua kumkabidhi mtu kitu chenye mikunjo, hata kama mtu huyo ni mwanao, ni bora ufe. Akalitandaza mezani, akachomeka pasi, akaanza pembeni. Vipande vya pembeni ni pamba na vitambaa vya suti, vinataka moto wa kutosha. Anajua. Anajua pia kwamba bitana haipigwi pasi ya moto ule. Unapunguza, halafu unaweka kitambaa kibichi juu yake, ndipo unapita. Hilo amelifundisha mpaka kuku wa jirani wanalijua. Alipanga akifika karibu na katikati asimame, apunguze moto, alowanishe kitambaa.

Alipofika karibu na katikati, simu ikalia.

Simu ya mzee iko kwenye chaji chumbani, na sauti yake imefunguliwa mpaka mwisho kwa sababu hailii mara nyingi na hataki ikilia ipite. Mtu huyu hakimbii mvua. Lakini siku hiyo alikimbia, akapiga pazia kikumbo, akaipokea akihema.

"Mwanangu?"

"Mteja wetu mpendwa," ikasema sauti ya dada mmoja mwenye furaha isiyo ya kawaida, "je, ungependa wanaokupigia waburudike kwa nyimbo nzuri?"

Mtu mwingine angekata. Mzee amelelewa, hamkatizi mtu anayeongea.

"Samahani mama," akasema, "hapa ni kwa fundi nguo."

Dada akaendelea.

"Nadhani umekosea namba."

Dada hakukubali kwamba amekosea namba. Alikuwa anafika kwenye sehemu ya kubonyeza moja wakati mzee aliposikia harufu.

Pasi aliiacha kifudifudi. Yeye, aliyewahi kumfukuza kijana karakanani kwa wiki nzima kwa kosa hilohilo. Na haikutua kwenye pamba, ambayo ingebadilika rangi tu na kusamehe. Ilitua kwenye bitana. Alipoinyanyua, kitambaa kilinyanyuka nayo, kikavutika kama ubani uliotafunwa, kikakatika. Katikati ya blanketi la mama kukawa na tundu lenye umbo la jani, kingo zake ngumu, nyeusi.

Alizima pasi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akiwa amejitazamisha kwenye kioo bila kukusudia, kisha akahamisha kiti.

Kwa fundi, jambo hili lina dawa na dawa yake ni fupi. Pindua, chukua wembe, fumua pande nne za kipande kilichoungua, kitoe, kitumie hichohicho kama kipimo cha kukatia kingine, shona kingine mahali pake, laza mishono, umemaliza. Angeweza kuifanya huku anapiga miayo. Akachukua wembe. Akapindua. Akavaa miwani.

Na hapo ndipo alipoiona mishono vizuri kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa mibaya. Sisemi kwa ubaya, ilikuwa mibaya tu. Mmoja mrefu, unaofuata mfupi, mwingine umeruka ukarudi. Upande wa juu ulipanda kilima ukashuka. Fundo la mwisho lilifungwa kwa mbele, mahali ambapo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza halifungi. Moto haukuigusa. Tundu lilikuwa katikati ya kipande, na pande zote nne mishono ilikuwa imesimama imara, imepinda, imesimama.

Alikaa na wembe mkononi mpaka mteja wa suti ya harusi akaja kujaribu koti, mzee akamwambia arudi Jumatatu. Mteja akasema harusi ni Jumamosi. Mzee akasema basi arudi jioni.

Kisha akauweka wembe kwenye kopo lake, akakata kidogo kwenye ukingo wa lile tundu, nusu weusi nusu rangi, kuwa mfano, akaenda ng'ambo ya njia kwa Dada Vifungo.

Dada Vifungo anauza vifungo, zipu, nyuzi na bitana, na maneno anatoa bure. Marehemu alikuwa anamwita dada, kwa hiyo mzee ni shemeji yake, na shemeji haachwi apite salama.

"Shemeji, leo umetoka ndani kabla jua halijakupa ruhusa. Umeishiwa uzi, au umeishiwa watu wa kuwaambia fumua?"

"Nataka bitana."

"Rangi?"

"Damu ya mzee."

"Ya zamani au ya siku hizi?"

"Kuna tofauti?"

"Ya zamani ilikuwa damu kweli. Ya siku hizi ni sharubati." Alikuwa tayari anashusha majora. "Hii hapa. Hii pia. Hii wanasema ni damu ya mzee lakini mzee mwenyewe ana upungufu."

Mzee aliweka kipande chake juu ya kila jora, akakipeleka kwenye mwanga, akakirudisha. Hakuna.

"Hiki cha lini, shemeji? Kiwanda chake siku hizi kinatengeneza ndoo. Kimefanyaje mpaka kikawa hivi?"

Akamwambia. Blanketi, pasi, simu, dada wa furaha. Dada Vifungo alicheka kwenye sehemu ya "umekosea namba", akajizuia, ikamshinda, akacheka tena.

"Sasa shida iko wapi? Fumua, tia hata nyeusi. Huyo mtoto atajuaje? Wewe si ndiye Fumua mwenyewe, au umempa mtu cheo?"

Mzee alikuwa anakikunja kile kipande, kidogo, kidogo zaidi.

"Mishono ya hapo ni ya mwisho ya dada yako," akasema. "Alishona kitandani."

Dada Vifungo akaacha kukunja jora.

"Na imenyooka?"

"Haijanyooka hata kidogo."

"Basi ni yake."

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi, kila mmoja akitazama kitu kingine. Alipokuwa anarudisha majora, Dada Vifungo akasema kama anajisemea, "Ila hii bitana hakuinunua kwangu. Dada hajawahi kununua bitana hapa. Alikuwa anasema kununua kitambaa kizima ili ukikatekate ni dhambi, utaulizwa."

Mzee alivuka njia kurudi akiwa na hilo neno. Kama hakununua, aliokota. Kama aliokota, aliokota chini ya meza yake mwenyewe. Na bitana ya rangi ile, kwa miaka yote ya kazi yake, alishonea koti moja tu. Wateja walikuwa hawaitaki, walisema inapiga kelele. Aliitaka yeye, kwa koti lake la harusi, na mabaki yake hayakuwepo: alikuwa fukara, alikata mpaka pembe ya mwisho.

Koti liko kabatini, la kijivu. Amelivaa harusi zote na misiba yote. Akalitoa, akalilaza kitandani, akalipindua ndani nje. Makoti ya watu wengine huyapindua kabla hata ya salamu. La kwake alikuwa hajalipindua tangu alipolimaliza, kwa sababu alijua lilivyoshonwa. Alilishona yeye.

Chini mgongoni, upande wa kushoto, karibu na pindo, palikuwa na maua.

Maua madogo ya njano, kwenye kitambaa cha gauni la zamani la mama. Kiraka cha mraba, kimekaa kabisa, kimetulia, kama mgeni aliyehamia siku nyingi na ana funguo. Mama alikata bitana pale, akachukua alichotaka, akaziba kwa gauni lake. Hakufumua kitu. Alilaza kiraka juu, akapinda kingo ndani, akashona kuzunguka. Mishono inapanda kilima, inashuka. Fundo kwa mbele.

Mzee alihesabu kichwani ni lini amelivaa tangu hapo. Ndoa ya kijana wa jirani. Kikao cha mafundi. Na siku ya kumzika. Alisimama pale mbele za watu, kijivu, mnyoofu, kila mshono mahali pake, na watu wakasema mzee kajikaza. Kumbe mgongoni, kwa ndani, amebeba maua ya njano yaliyopinda, na yeye ndiye mkaguzi mkuu wa mtaa mzima.

Neno lake halikuja. Alikaa kitandani akalisubiri, halikuja.

Alichofanya baadaye alikifanya Jumamosi, suti ya harusi ilipokwisha kuondoka na mwenyewe. Alipeleka koti dirishani. Akapima upande wa kulia, sambamba kabisa na yale maua, akachora kwa chaki, na hapo mkono ukasita, maana kukata koti zima na mkasi wako mwenyewe si mchezo. Akakata.

Akageukia blanketi. Kwa nyuma, kwa ncha ya mkasi, akaondoa kile kilichoganda chote, akabakiza ukingo mzima wa kipande cha zamani, pamoja na mishono ya mama pande zote nne. Kisha akachukua bitana mpya, ambayo si mpya, akaipunguza iwe kubwa kuliko tundu lakini ndogo kuliko kipande, ili fremu ya mama ionekane kuzunguka. Bitana inang'aa kwa kufuata uelekeo. Ukiilaza vibaya inaonekana rangi nyingine. Akaizungusha mpaka iking'aa ing'ae pamoja na mwenzake. Akapinda kingo ndani, akabana kwa pini, akaanza kwa mkono.

Kazi kama hiyo anaiita uvivu. Kiraka juu ya kiraka, bila kufumua. Kuna kijana mmoja aliwahi kuifanya kwenye suruali ya mteja, na mzee akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeletewa mgonjwa amechelewa.

Alipomaliza, mishono yake ilikuwa haionekani kabisa, imenyooka kama mstari wa daftari, katikati ya ile ya mama inayotembea kama imetoka sherehe. Sasa hapa ungependa nikwambie kwamba alifumua ya kwake akaipindapinda ili ifanane. Hapana. Mzee ni mzee. Aliiacha imenyooka.

Na tundu la upande wa kulia wa koti hakuliziba. Sijui kwa nini, na sikumuuliza. Ukimwona harusini amelivaa, ujue kwa ndani upande mmoja maua, upande mmoja upepo.

Jumapili binti alifika na gari la kuazima, na mwenye gari alikuwa ndani yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

"Baba, kila mtu ananiambia nimenenepa."

"Basi ni miwani. Kaa."

Alikunywa chai akiwa nusu amekaa, simu mkono wa pili. Akauliza presha, akauliza paa, akauliza kama anakula, maswali yote kwa mpangilio mzuri. Mzee alikuwa ameshalitandaza blanketi mezani, katikati yake imeelekezwa kule anakokaa binti, na alikuwa amesimama pembeni ya meza kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Maneno alikuwa ameyaandaa. Hapa paliungua. Hapa nimeshona mimi. Hii imepinda ni ya mama yako, alikuwa hawezi kushika kikombe.

Binti akanyanyuka, akaliangalia lote kwa mara moja, mkono kifuani.

"Jamani mama," akasema. Akapiga picha. Akaituma kwenye kundi.

"Hapo katikati," mzee akaanza.

Honi ikalia nje.

"Naja," binti akasema kuelekea mlangoni. "Unasemaje, baba?"

"Nasema hapo katikati ulikunje kwa ndani. Bitana haipendi msuguano."

"Sawa baba." Akalikunja kwa ndani. Akamkumbatia, akamwachia mfuko wa matunda, na gari likaondoka. Simu ya mzee ikaita mlio mmoja: ni ile picha, imefika kwenye kundi. Ndugu walikuwa wameshaanza kumwaga mioyo. Yeye akatuma kidole gumba.

Meza ya kukatia ikabaki wazi, ndefu kuliko alivyoikumbuka. Akafunua cherehani ya mama, akaitia mafuta ingawa aliitia juzi, akafunika.

Siku iliyofuata au ya pili yake simu ikalia tena. Safari hii alisimamisha pasi kwanza. "Mteja wetu mpendwa," akasema yule dada. Mzee akavuta kiti. Akamsikiliza mwanzo mpaka mwisho, na alipoambiwa abonyeze moja akabonyeza moja. Dada akamwambia ahsante kwa kuwa nasi. Mzee akasema karibu.

Ukibonyeza moja unapewa wimbo, ila wimbo wenyewe wanausikia wanaokupigia, wewe husikii. Hilo dada hakulisema vizuri. Mzee alikaa siku kadhaa akiamini amedhulumiwa, na hapakuwa na mtu wa kupiga ambaye angemweleza.

Kisha siku moja mchana, akiwa analaza kola, ikalia. Akasimamisha pasi. Akapitia pazia pole pole, maana dada yule hana haraka.

"Baba," akasema binti, anacheka, "simu yako ina nini? Nimepiga naimbiwa mapenzi. Mtu anasema atanifuata mpaka mwisho wa dunia."

"Inaimba?"

"Inaimba kwa kinanda, baba."

"Kumbe inaimba," mzee akasema, na akafurahi kuliko inavyofaa.

Nyuma ya sauti ya binti cherehani ilikuwa inanguruma. Mzee aliisikia mara moja, akajua na aina yake.

"Uko wapi?"

"Niko kwa fundi wa huku, wa blanketi. Sikiliza, anasema hapo katikati pazito, kuna kitu juu ya kitu, akitia pamba pataleta kinundu. Anataka afumue, atie kipande kimoja kizuri. Nikamwambia ngoja, baba yangu ni fundi, na ninajua atakachosema, lakini ngoja nimuulize kwa heshima."

Mzee akavua miwani.

"Baba? Afumue, si ndiyo?"

"Asifumue."

"Unasema?"

"Mwambie asifumue. Hata uzi mmoja."

Binti akaondoa simu sikioni, labda aitazame kama ni namba yenyewe. Akarudi. "Baba, ni wewe?"

"Ni mimi. Kinundu kikae." Akakohoa. "Mishono ya nje, hiyo iliyopinda, ni ya mama yako. Ya mwisho. Ya ndani ni yangu, nilipachoma na pasi, nikapaziba. Kitambaa kimetoka kwenye koti langu la harusi. Vyote viwili."

Upande wa pili ikasikika cherehani peke yake. Halafu binti, mbali na simu, akimwambia mtu: "Acha. Baba anasema uache. Ndiyo, na kinundu chake." Halafu karibu tena, sauti imebadilika: "Si ungeniambia Jumapili?"

"Ulikuwa na honi nje."

Binti akasema, "Nimeweka mkono hapo sasa hivi, baba. Nimeipata ya mama. Imepinda kweli."

"Imepinda sana," mzee akasema.

Wakaongea kidogo zaidi, kuhusu pamba, iwe nene au nyepesi, mzee akasema nyepesi. Hapakuwa na foleni, lakini fundi alikuwa anasubiri. Binti akasema atapiga kesho.

Kesho hakupiga. Alipiga Alhamisi, na mzee alisimamisha pasi kwanza, akaacha wimbo ambao yeye hausikii uimbe kidogo, ndipo akapokea.